Sokwe Yule Hacheki

Huenda umeshatumiwa picha ya sokwe mtu aliyevalishwa fulana ya mtoto, meno yote yako nje, na chini yake mtu ameandika "Mshahara umeingia". Wengine wameigeuza stika. Watu huzituma picha za namna hiyo kwa nia njema kabisa, kuwachangamsha ndugu na marafiki. Lakini ukimwuliza mtu aliyezoea kuishi karibu na sokwe, atakuambia uso ule ni wa mnyama mwenye hofu.

Hatukisii. Gombe, mkoani Kigoma, sokwe wamekuwa wakichunguzwa tangu 1960, na Mahale tangu 1965, hivyo sauti na nyuso zao zinafahamika vizuri. Sokwe anapotishwa na aliyemzidi cheo, huvuta midomo nyuma mpaka meno ya juu na ya chini yakaonekana yote. Anapocheza kwa raha, kinywa huwa wazi na kimelegea, na mdomo wa juu hufunika meno ya juu. Huyo ndiye anayecheka, na kicheko chake ni cha kuhema, pumzi fupifupi za haraka. Kwa hiyo tazama mdomo wa juu kwanza. Wanaovalishwa nguo mbele ya kamera wengi ni watoto, kwa sababu sokwe mzima ana nguvu nyingi mno, hashikiki. Na porini mtoto wa sokwe hachukuliwi mpaka mama yake auawe. Kituo cha Lwiro, mashariki mwa Kongo, na kile cha kisiwa cha Ngamba, Uganda, vinawalea mayatima wa biashara ya kuuza watoto wa sokwe.

Kuna madhara mengine, haya hayaonekani kwa macho. Watafiti wamegundua kwamba watu wanaozoea kuona sokwe katika mazingira ya binadamu huelekea kuamini kwamba sokwe wako tele na hawana tatizo. Ukweli ni kwamba wamo hatarini kutoweka.

Kosa, mara nyingi, halimo ndani ya picha. Picha ni ya kweli, haikuchezewa na kompyuta. Kilichopotoka ni maneno yaliyoandikwa chini yake.

Chukua video za loris, mnyama mdogo mwenye macho makubwa anayeishi misitu ya kusini-mashariki mwa Asia. Ni jamaa wa mbali wa komba wetu. Mwaka 2009 ilienea video ya loris akitekenywa, mikono kaiinua juu, na ulimwengu mzima ukasema anafurahia. Loris ni miongoni mwa mamalia wachache sana wenye sumu. Tezi yake iko karibu na kiwiko. Anapohisi hatari huinua mikono ili aifikie kwa ulimi, achanganye majimaji yake na mate, kisha ang'ate. Anayeinua mikono anajiandaa kujihami. Wanaomuuza afugwe nyumbani, ili wasing'atwe, humkata meno kwa vifaa kama vya kukatia kucha. Tena ni mnyama wa usiku, na video nyingi hupigwa kwenye mwanga mkali unaomuumiza macho.

Kwetu Afrika Mashariki mfano unaoniuma zaidi ni wa Ziwa Natron. Mwaka 2013 picha za mpigapicha Nick Brandt zilizagaa duniani: ndege na popo wagumu kama sanamu, wametua juu ya matawi, na maelezo kwamba ziwa hili la Tanzania hugeuza kuwa jiwe kiumbe chochote kinachogusa maji yake. Brandt mwenyewe alieleza alichofanya. Aliikuta mizoga ufukoni, imekauka na kugandwa na chumvi, akaipandisha juu ya matawi ikae kama viumbe hai. Maneno hayo hayakusafiri pamoja na picha.

Natron ina magadi makali kweli, yenye uwezo wa kuunguza ngozi na macho ya kiumbe asiyeyazoea. Lakini ndani yake wanaishi perege wadogo wasiopatikana penginepo isipokuwa katika maji ya magadi ya Bonde la Ufa. Na ndiyo mazalio makuu ya heroe wadogo wa Afrika Mashariki, wale ndege wa waridi ambao wengi tunawaita flamingo. Hujenga viota vya tope katikati ya ziwa kwa sababu magadi hayohayo huwazuia fisi na mbweha wasiwafikie makinda. Rangi yao ya waridi wanaipata kwa kula vijimea vidogo vinavyostawi katika maji ya magadi. Ziwa lililoitwa la mauti ndilo linalowapa uhai, na kwa maoni yangu ajabu hiyo inastahili kutumwa kuliko ile ya mawe.

Maelezo pia yanaweza kudhuru kwa kuwa sahihi mno. Ukimpiga picha faru, usiandike ulimwona upande gani wala saa ngapi. Hifadhi kadhaa Afrika huwaomba wageni jambo hilo kwa sababu majangili nao wana simu. Simu nyingi hurekodi mahali picha ilipopigwa, basi zima huduma ya eneo kwenye mipangilio ya kamera kabla hujaingia hifadhini.

Ukitaka kujua asili ya picha, iingize kwenye Google Lens uone ilionekana wapi zamani na ikiwa na maelezo gani. Ikiwa shangazi ndiye aliyeituma kwenye kundi la familia, mwandikie pembeni kwa upole. Hakuna haja ya kumwaibisha mbele ya wajukuu.

Na ukikutana na picha ya komba au tumbili anayetangazwa kuuzwa, usiisambaze hata kwa kulaani, kwa maana utakuwa unamtafutia muuzaji wateja. Piga picha ya skrini inayoonyesha tangazo, tarehe na akaunti, kisha uipeleke TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, kwa walioko Tanzania, au KWS, shirika la wanyamapori, kwa walioko Kenya. Katika nchi zote mbili kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa la jinai.