Kubinafsisha kompyuta ni kufanya nini hasa?

Aliyesoma magazeti ya Tanzania miaka ya 1990 akisikia "ubinafsishaji" hukumbuka viwanda na mashirika ya umma yakiuzwa. Kwenye kompyuta neno ni hilohilo, ila hakuna kinachouzwa. Kubinafsisha mfumo endeshi, uwe Windows, macOS au Linux, ni kuichukua mashine iliyokuja sawa na nyingine zote ukaipanga ifuate macho yako, mikono yako na mazoea yako. Programu zinabaki zilezile. Kinachobadilika ni sura na tabia. Na mengi kati ya mabadiliko hayo hukaa kwenye akaunti yako peke yako, kwa hiyo nyumba yenye kompyuta moja na akaunti tatu, mtoto anaweza kuweka nembo ya Yanga bila kumkera baba yake wa Simba.

Wengi huanzia kwenye picha ya skrini, na huishia hapohapo. Kile kilima cha kijani chini ya mbingu ya buluu, kilichokuwa kwenye kila intaneti kafe enzi za Windows XP, si mchoro wa kompyuta kama wengi walivyodhani. Ni picha halisi, ilipigwa California mwaka 1996 na Charles O'Rear kwa kamera ya filamu. Kuiweka ya kwako ni kubofya kulia juu ya picha uipendayo na kuchagua iwe mandhari ya skrini. Chagua iliyotulia, lakini. Picha ya harusi yenye watu arobaini itakufanya utafute faili zako kati ya vilemba vya mashangazi.

Kwangu mimi picha ndiyo yenye faida ndogo kuliko zote. Maandishi ndiyo kwanza. Ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi I, mipangilio inafunguka. Andika "text size" kwenye kisanduku cha kutafutia, utapata kitelezi cha kukuza maandishi hadi asilimia 225. Wapo watu wazima wanaokwenda kununua miwani mipya wakati dawa iko hapo. Mipangilio hiyohiyo ina mwanga wa usiku, unaopunguza ubuluu wa skrini jua likizama. Na kama mashine huchelewa kuamka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia sehemu ya "Startup", uone programu zinazojiwasha zenyewe bila kutumwa. Unazoweza kuzizuia huwa nyingi.

Sasa saa. Kompyuta yako ikiandika 7:00 asubuhi, wewe kichwani unasema saa moja, na hakuna swichi ya kuiambia Windows ihesabu kwa Kiswahili. Ila kuna ujanja. Windows inakuruhusu kuongeza saa mbili nyingine za nchi za mbali, kwa ajili ya wenye ndugu au wateja ng'ambo. Kenya, Tanzania na Uganda ziko saa tatu mbele ya saa ya dunia. Buenos Aires iko saa tatu nyuma yake. Tofauti ni saa sita kamili, yaani tofauti ileile iliyopo kati ya saa ya Kizungu na yetu. Bofya kulia kwenye saa iliyo pembeni chini, ingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, tafuta sehemu ya kuongeza saa, chagua Buenos Aires, kisha kwenye nafasi ya jina andika "Kiswahili". Tumia mtindo wa saa 12, si wa 24. Kuanzia hapo ukipeleka kipanya juu ya saa, saa ya pili inajitokeza, na AM yake ni mchana wetu mzima, PM ni usiku wetu mzima. Waargentina hawajui wametusaidia kiasi gani.

Upande wa Linux, ubinafsishaji unafika mbali zaidi: unaweza kung'oa mazingira yote ya skrini, menyu na madirisha, ukaweka mengine. KDE Plasma ni kwa anayependa kuchokonoa kila kitu, Xfce ni kwa mashine kuukuu yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kidogo. Hayo yanataka jioni nzima na kikombe cha chai.

Turudi kwenye ile saa, maana kuna kitu kitakachokushtua. Saa saba usiku wa manane, mashine yako imeshaingia Jumanne, lakini Buenos Aires bado ni Jumatatu. Usidhani umekosea. Na sisi wakati huo husema ni usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne.