Je, wajua kwa nini aliyekabwa kwa nyuma anatakiwa kuanza na mikono, si miguu?

Nairobi wanaiita ngeta. Dar es Salaam ni roba, au kabali. Wabrazili wanasema mata leão, yaani muua simba, na wachezaji wa judo wanaijua kama hadaka jime. Majina mengi, mkono uleule: mtu yuko nyuma yako, kiwiko chake kimekaa mbele ya koromeo, msuli wa juu unabana upande mmoja wa shingo na kigasha upande wa pili.

Wengi hudhani anayekabwa hivyo anakosa hewa. Kabali iliyokaa sawasawa wala haishughuliki na koromeo. Inabana mishipa mikubwa ya pande zote mbili inayopeleka damu kwenye ubongo, ndiyo maana mtu anazima ndani ya sekunde kumi hivi, ilhali pumzi unaweza kuibana kwa muda mrefu zaidi ya huo bila shida. Na kwa kuwa mikono, magoti na macho yako vyote vimeumbiwa kazi ya mbele, aliye nyuma anafanya atakalo bila kuguswa. Jujitsu ya Kibrazili, mchezo wa kukamatana mkekani, inalijua hilo: kumshika mtu mgongo, visigino vyako viwili vikiwa ndani ya mapaja yake kama kulabu, ni pointi 4, na hakuna nafasi inayolipa zaidi.

Sasa mtazame mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Akihisi zile kulabu tu, mikono yake yote miwili inashuka kuzitoa. Simlaumu, miguu ndiyo anayoiona. Lakini mikono ikishashuka shingo haina mlinzi, na kabla hajang'oa hata kisigino kimoja anagonga mkeka kusalimu amri. Mwingine anainamisha kidevu akidhani amefunga mlango. Kidevu kinanunua muda kidogo tu. Mwenye nguvu atalikamua taya lenyewe mpaka uinue kichwa kwa maumivu.

Mzoefu anaanza na mkono unaokaba. Tuseme ni wa kulia, umepita juu ya bega lako la kulia, na wa kushoto umepita chini ya kwapa lako la kushoto. Huo wa kulia mzoefu anaushika kwa mikono yake yote miwili na kuuvuta chini kifuani. Miwili kwa mmoja, hesabu ni hiyo tu. Kisha anaangukia kushoto, upande wa ule mkono wa kwapani. Ukiangukia kulia, shingo inalalia kigasha chake na uzito wako mwenyewe unamsaidia kukaza.

Akishalala upande huo anatelezesha makalio kuelekea miguuni, akitafuta jambo moja: mabega yake yaguse mkeka badala ya kifua cha mwenzake. Hapa jujitsu inapishana na miereka ya Olimpiki. Mwanamiereka aliyewahiwa nyuma hulala kifudifudi, kwa sababu mabega mawili yakibanwa kwenye mkeka ameshindwa. Kwenye jujitsu kifudifudi na mtu mgongoni ndiko kubaya kuliko kote, na mkeka mgongoni ni wokovu: pakiwa na mkeka, hapana mtu. Kulabu ya chini inatolewa wakati huo, si kabla. Kisha goti la mwenzako lizuiwe mapema, maana akiona mgongo unamponyoka atajaribu kupanda akukalie kifuani.

Kuna zawadi moja ambayo mchanga akikushika mgongo hukupa bila kujua: anapishanisha vifundo vya miguu mbele ya tumbo lako. Pitisha mguu wako juu ya kifundo chake cha juu, ufunge kwa mguu wako wa pili, sukuma nyonga mbele. Atagonga yeye.

Mkiwa bado mmesimama, mikono yake ikiwa imefungana kiunoni mwako, kanuni ni ileile: shughulika na mikono. (Mtaani ni habari nyingine. Mpiga ngeta hatafuti pointi, anatafuta simu. Mpe.) Mfano mzuri wa kanuni hiyo ni pambano la Agosti 2000 nchini Japani, Renzo Gracie dhidi ya Mjapani Kazushi Sakuraba. Renzo, wa ukoo uliojenga jujitsu ya Kibrazili, alikuwa amemshika Sakuraba kwa nyuma wamesimama, mahali ambapo kwa kawaida Gracie ndiye mwenye kucheka. Sakuraba hakuhangaika kugeuka. Alikamata kifundo cha mkono wa Renzo, akapitisha mkono wake mwingine juu ya mkono huo na kufunga mshiko, ndipo akazunguka na kiwiko kikaachia. Renzo hakugonga, mwamuzi ndiye aliyesimamisha pambano, zikiwa zimebaki sekunde chache.

Mshiko huo unaitwa kimura, kwa jina la Masahiko Kimura, mwanajudo aliyemvunja mkono Hélio Gracie mjini Rio de Janeiro mwaka 1951. Hélio naye alikataa kugonga. Aliyerusha taulo ni kaka yake Carlos, babu yake Renzo.