PCPA: kemikali ya labu inayomaliza serotonini

Mama mmoja wa Kondele hapa Kisumu alinijia na wasiwasi, kijana wake anasoma sayansi chuo na alirudi nyumbani akisema kuna kemikali inaitwa PCPA inamaliza serotonini kwa panya, yaani ile kemikali ya mwili inayosaidia hisia na usingizi, sasa mama mwenyewe anameza fluoksetini ya depresheni na usiku huo hakulala. Maswali yake ndo haya.

Daktari, hiyo PCPA ni dawa?

Hapana mama, ni unga mweupe wa labu, jina refu ni paraklorofenilalanini. Watafiti Koe na Weissman wa kampuni ya dawa ya Pfizer, Marekani, walieleza kazi yake 1966, na huyo huyo Koe baadaye akawa mmoja wa waliotengeneza setralini, dawa ya depresheni ambayo watu wengi wanameza leo.

Inamalizaje serotonini?

Fikiria posho mili. Mahindi ni triptofani, tunaipata kwa omena, mayai, maharagwe, alafu kuna kimeng'enya ndo kinasaga hadi serotonini ipatikane. PCPA inaunguza mota ya hiyo mashine, mahindi yako gunia tele lakini unga hakuna, na mota ikiungua haitengenezeki, lazima mwili ulete mpya, ndo maana panya anakaa siku nyingi kabla arudi sawa. Mtafiti Jouvet wa Lyon, Ufaransa, aliona paka waliopewa PCPA wakikosa usingizi kabisa, akawapa 5-HTP, hiyo ni kama kuletewa mahindi yameshasagwa nusu, wakalala. Lakini mama usiende kununua 5-HTP kwa intaneti, ukiichanganya na fluoksetini serotonini inaweza kuzidi mwilini ukaanza kutetemeka, joto kupanda, na hiyo inaweza kuua.

Kuna mtu ashawahi kupewa?

Ndio, miaka ya 1960 walipewa wagonjwa wa uvimbe fulani unaomwaga serotonini nyingi. Serotonini karibu yote, kama asilimia 90, iko tumboni si kichwani, kwa hivyo hao walikuwa wanaendesha sana, na PCPA ikapunguza kuhara, lakini wengine akili ikavurugika ikabidi iachwe. Miaka ya 1970 pia wagonjwa wachache wa depresheni waliokuwa wamepata nafuu kwa dawa walipewa kidogo tu, huzuni ikawarudia kwa siku chache.

Kwa hivyo na dawa yangu inamaliza serotonini?

Hapana mama, hapo ndo kijana alikuchanganya bila kujua. Fluoksetini haigusi mota, inazuia serotonini isirudishwe haraka ndani ya seli za ubongo zilizoituma, inakaa kazini muda mrefu kidogo.

Basi niendelee?

Endelea, na usiache ghafla. Kama inakusumbua tumbo ama usingizi rudi kliniki ulikopewa dawa wakupunguzie ama wakubadilishie, na siku mawazo ya kujiua yakikujia usingoje tarehe ya kadi, mwamshe huyo kijana wako muende hospitali pamoja hata kama ni saa nane usiku.