Baridi yabisi si baridi ya hewa

Juzi kwenye foleni ya kumwona daktari nilikaa nyuma ya mama mmoja mtu mzima aliyeletwa na binti yake. Joto lilikuwa kali, watu wanajipepea kwa karatasi za vipimo, naye mama amevalishwa sweta mbili na soksi nene. Kila aliyempa pole alijibiwa na binti: "Ni baridi yabisi. Si unajua tena, baridi imemwingia kwenye mifupa." Mama alipotaka kuinuka anyooshe miguu, binti alimshika bega kwa upole: "Tulia, mama. Usijitese."

Binti yule anampenda mama yake, hilo halina ubishi. Ila katika maneno yale machache mlikuwa na makosa mawili, na yote mawili yanaanzia kwenye jina la ugonjwa. Nimeyasikia mara nyingi mno, sasa nayaandika.

Maana kwanza, kwa haraka. Katika mazungumzo ya kila siku, baridi yabisi ni maumivu ya viungo yasiyokwisha, yenye kukakamaa na mara nyingine uvimbe. Katika maandishi ya kitabibu jina hili hutumika zaidi kwa ugonjwa mmoja mahsusi, ule ambao kinga ya mwili inageuka na kuvishambulia viungo, hasa utando laini unaovizunguka kwa ndani. Matumizi hayo mawili hayalingani, nami nitarudi hapo. Tuanze na jina lenyewe, maana ndilo linalotuponza.

Maneno yote mawili yametoka Kiarabu. Baridi tunaijua. Yabisi ni kavu, tena kavu ya kukaza: ardhi iliyokosa maji mpaka jembe likagonga na kurudi, hiyo ni yabisi. Kuyaweka pamoja, "baridi yabisi", si ubunifu wa mtu aliyekuwa akitetemeka usiku. Ni istilahi kamili ya tiba ya kale, iliyoanzia kwa Wayunani, ikaendelezwa na Waarabu na Waajemi, kisha ikatufikia pamoja na maneno yake. Katika tiba hiyo kila kitu, mwili ukiwemo, kina tabia nne: hari (joto), baridi, rutuba (unyevu) na yabisi. Tabia hizo huenda mbilimbili. Hari na rutuba ni damu. Hari na yabisi ni safura, yaani nyongo ya manjano. Baridi na rutuba ni balghamu. Baridi na yabisi ni sauda, nyongo nyeusi. Ndivyo alivyofundisha tabibu Myunani Galen katika karne ya 2, na ndivyo alivyofundisha tabibu Mwajemi Ibn Sina (980–1037) miaka mingi baadaye.

Tumeyarithi maneno hayo bila kukumbuka yalikotoka. Rutuba leo tumeiachia udongo. Safura tumeipa ugonjwa wa minyoo unaomaliza damu. Balghamu imebaki kifuani, tunaikohoa. Na baridi yabisi imebaki kwenye magoti ya wazee wetu.

Sasa angalia jambo hili, kwa sababu ndilo linalopotea kila siku. "Baridi" katika mpango ule si ile ya kipimajoto. Ni tabia. Dawa iliweza kuitwa ya baridi hata ikiwa inachemka jikoni, na mtu akaitwa wa baridi akiwa anatoka jasho. Na tabibu wa zamani alikuwa na hesabu yake ya umri: mtoto ni hari na rutuba, laini na moto, mzee ni baridi na yabisi, amepoa na kukauka. Kwa hiyo jina tunalolitumia halikuwahi kusema neno lolote kuhusu upepo, mvua, kuoga maji baridi wala kulala bila kujifunika. Lilikuwa likisema kwamba viungo hivi vimeingia katika tabia ya uzee. Tafsiri hiyo nayo ina kasoro zake, lakini haikuagiza sweta.

Si sisi peke yetu tuliobaki na jina la namna hii. Rumatizimu ya Wazungu inatokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mtiririko, kwa sababu iliaminika kwamba maji mabaya yanateremka kutoka kichwani na kutuama kwenye viungo. Maumivu ni yaleyale: jina moja linalaumu maji, jingine linalaumu ukavu. Hilo peke yake lingetosha kutufanya tusiague ugonjwa kwa kutazama jina.

Je, hali ya hewa haina lake? Inalo, ila dogo. Wapo watu ambao viungo vyao huuma zaidi siku za baridi au unyevu, na sioni sababu ya kuwabishia. Kujifunika kunawapa nafuu, nao wajifunike. Maji ya uvuguvugu asubuhi hulegeza kiungo kilichokaza. Lakini kuongeza maumivu ni jambo moja na kuleta ugonjwa ni jambo jingine. Watu wa nchi za joto nao wanaugua magonjwa haya, si wa nchi za theluji peke yao. Hakuna baridi inayopenya ngozi na nyama ikaenda kukaa ndani ya mfupa.

Ukavu nao umebaki katika usemi wetu. Ni mara ngapi umesikia "magoti yameisha mafuta", au "uteute umekauka"? Hiyo ni yabisi ya kale iliyovaa nguo mpya. Ni kweli kiungo kina ute wake unaolainisha, na katika goti lililochakaa ute huo hupungua uzito na utelezi. Lakini goti linalouma na kuvimba kwa kawaida halijakauka. Limejaa maji kuliko goti zima. Mshike mzee goti lililovimba, ubonyeze taratibu pembeni ya pia ya goti: utasikia majimaji yakihama chini ya kidole. Hapo utamweleza nini kuhusu ukavu?

Nilisema nitarudi kwenye matumizi mawili. Ndani ya gunia hili moja la "baridi yabisi" tumetia angalau magonjwa matatu, na dawa ya moja si dawa ya jingine.

La kwanza, linalowapata wengi kuliko yote, ni kulika kwa viungo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa nalo, wengi wao wakiwa na zaidi ya miaka 55, na goti ndilo linaloongoza. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, hupungua, na mwili ukijaribu kukarabati huotesha vichomozo vya mfupa pembezoni mwa kiungo. Hupenda magoti, nyonga, shina la kidole gumba na vile vifundo vya mwisho kabisa vya vidole, karibu na kucha.

La pili ndilo linalostahili jina letu kwa maana ya kitabibu, la kinga ya mwili kujigeuka. Mwaka huohuo shirika hilo lilikadiria wagonjwa wake kuwa milioni 18, na takribani asilimia 70 ni wanawake. Jina lake la kitaalamu, "rheumatoid arthritis", alilitoa daktari Mwingereza, Alfred Garrod, mwaka 1859, akisisitiza kwamba ni ugonjwa tofauti na jongo. Huyuhuyu Garrod ndiye aliyekuwa ameonyesha mwaka 1848 kwamba damu ya wenye jongo imezidi asidi ya yuriki. Na jongo ndilo la tatu: fuwele za asidi hiyo huganda ndani ya kiungo, mara nyingi shina la kidole gumba cha mguu, na mtu aliyelala mzima anaamshwa usiku na kidole chekundu kisichotaka kuguswa hata na shuka.

Kuyatofautisha kabisa ni kazi ya daktari na vipimo vyake. Lakini kuna swali moja ambalo mtu yeyote nyumbani anaweza kuuliza, nalo lina thamani kubwa: asubuhi ukiamka, inachukua muda gani viungo kulegea? Kwenye kulika kwa viungo, mtu huamka amekaza, akatembea kidogo, na kwa kawaida kabla ya dakika 30 amefunguka. Maumivu yake humrudia jioni baada ya kazi. Kwenye baridi yabisi ya kweli, kukaza hudumu saa nzima, pengine mpaka karibu na adhuhuri. Halafu tazama mikono yote miwili. Ugonjwa huu hupenda kupiga pande zote mbili kwa pamoja, kwenye viwiko vya mkono (pale mkono unaposhikana na kiganja) na kwenye vile vifundo vinavyotokeza ukikunja ngumi. Mwambie afumbate kidole chako. Mwenye ugonjwa huu mara nyingi hushindwa kukibana, na mabonde yaliyokuwa kati ya vifundo vyake yamejaa uvimbe, mkono umekuwa tambarare.

Ninaling'ang'ania hili kwa sababu wanaoumizwa na jina moja kwa magonjwa matatu ni hawa wa pili. Wao ndio wasiopaswa kusubiri. Ugonjwa huu huweza kuanza kuharibu kiungo ndani ya miaka 2 ya mwanzo, na zipo dawa zinazoutuliza wenyewe, si maumivu yake tu. Methotreksati ndiyo inayotangulia kwa wengi, nayo humezwa mara 1 kwa wiki. Si kila siku. Kosa hilo limeua watu. Sasa mama anapoambiwa "ni baridi yabisi, ni umri tu", akapewa vidonge vya maumivu miezi na miezi, vidole vinapinda huku kila mtu akiamini anajua jina la ugonjwa. Na vidonge vyenyewe, diklofenaki na ndugu zake, si vya kumeza kama peremende: kwa mtu mzima vinaweza kutoboa tumbo, kuchosha figo na kupandisha presha. Kwa goti au mkono, dawa ya aina hiyo ya kupaka ni salama zaidi kuanza nayo.

Limebaki lile "tulia".

Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hulifikia kupitia ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka kama maji kwenye sponji: ukikanyaga, sponji inabanwa na kutoa, ukiinua mguu, inaachia na kunyonya. Kiungo kisichotembezwa hakilishwi. Wakati huohuo misuli ya mbele ya paja, ambayo ndiyo inayolibeba goti, husinyaa upesi sana ikiachwa bila kazi, na goti lisilobebwa huuma zaidi. Yule anayeumwa anakaa, akikaa anadhoofu, akidhoofu anaumwa. Tumemfanya awe yabisi sisi wenyewe.

Sisemi mzee akimbizwe. Kiungo kilichovimba na kuwa cha moto kinahitaji siku chache za kupumzishwa, na hata hapo kikunjwe na kunyooshwa taratibu kisigande. Siku nyingine zote, kipimo kinachotumika ni hiki: maumivu yanayoongezeka kidogo wakati wa zoezi na kurudi yalipokuwa kabla ya kesho yake hayaharibu kitu. Yakizidi hapo, punguza zoezi, usiliache. Na kwa mwenye uzito mkubwa, kila kilo 1 anayoipunguza hulipunguzia goti mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua.

Zoezi ninaloliamini kuliko yote halina kifaa. Kaa kwenye kiti imara, miguu chini ya magoti, inama mbele kidogo, inuka. Kaa tena, polepole, usijitupe. Mara 5 asubuhi, mara 5 jioni, ukizoea unaongeza. Kiti kikiwa kifupi, weka mto mgumu juu yake, maana kadiri kikalio kinavyokuwa juu ndivyo goti linavyofanya kazi ndogo.

Na mkongojo. Hapa nao watu wengi hukosea, tena kwa nia njema kabisa: goti la kulia linauma, mkongojo unashikwa mkono wa kulia. Unashikwa mkono wa upande mzima, na unakwenda mbele pamoja na mguu unaouma, ili uzito uhame. Kichwa cha mkongojo kifike kwenye mkunjo wa kiwiko cha mkono, pale mkono unaposhikana na kiganja, mzee akiwa amesimama wima mikono imeshuka. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, mguu mbovu hutangulia kushuka. Nimewahi kumbadilishia mzee mmoja mkono wa mkongojo mlangoni kwake. Alipiga hatua sita, akasimama, akauangalia mkongojo, akaniuliza mbona hakuambiwa siku aliponunua.

Kwa hiyo, dada wa kwenye foleni, endelea kusema baridi yabisi kama unalipenda neno. Ni neno letu, tena la zamani. Ila sweta moja inatosha. Daktari akikuuliza, usimpe jina, mpe habari: ni viungo gani, pande zote au upande mmoja, na asubuhi mama anakaza mpaka saa ngapi. Na foleni ikiwa ndefu kama ile, mama akitaka kuinuka, sogeza begi lako apate nafasi, umwache ainuke mwenyewe, kisha mtembee naye mpaka dirishani na kurudi.