Kwa nini mwezi mwandamo huonekana magharibi kabla ya mashariki?

Kila Shaaban, mwezi unaotangulia Ramadhani, inapofika ukingoni hoja hii hurudi: mashariki kunakucha mapema na jua huzama mapema, basi wao ndio wa kwanza kuuona mwezi. Indonesia wakitangaza hawajauona, halafu Morocco wakasema umeandama, kuna wanaonusa uongo au siasa. Siasa huenda ipo, lakini hapa haihitajiki. Mambo yako kinyume kabisa: hilali, yaani mwezi mwandamo, ikishaonekana mahali fulani, anayekaa magharibi ya hapo huiona kwa urahisi zaidi, na aliye mashariki ndiye mwenye udhuru.

Kosa ni kuudhania mwezi kuwa kama jua. Anayetangulia kulipata jua hulipata kamili. Hilali inakua saa kwa saa wakati dunia inazunguka, kwa hiyo anayetangulia kutazama anaikuta changa mno.

Mwezi huzaliwa pale unapopita upande wa jua, na upande wake wenye mwanga ukawa umetupa kisogo. Wanafalaki huhesabu tukio hilo kuwa moja kwa dunia nzima, dakika ile ile, bila kujali nani yuko wapi. Kuanzia hapo mwezi hujitenga na jua kwa takriban nusu digrii kila saa, na kuzaliwa si kuonekana. Mfikirie kijana mwenye mshumaa aliyesimama mbele ya taa kali za lori. Humwoni. Kila saa anapiga hatua moja pembeni, na hatua mbili tatu za mwanzo hazisaidii kitu. Sasa wapange watazamaji mstari mmoja kuanzia mashariki, kila mmoja afumbue macho mara moja tu, zamu yake ikiwa ni pale jua linapokuchwa kwake. Wa kwanza anafumbua kijana akiwa kapiga hatua nne: haoni kitu, na akisema hakuona hajadanganya. Wa mwisho anafumbua hatua zikiwa ishirini. Kijana ni yule yule na usiku ni ule ule.

Tuseme mwezi umezaliwa saa 6 mchana kwa saa za Makka. Jua likizama huko saa 12:30 jioni, mwezi una saa sita na nusu tu, na hakuna jicho litakaloufikia. Likija kuzama Los Angeles, yapata saa kumi na nusu baadaye, mwezi una saa 17. Rekodi inayotajwa sana ya jicho tupu ni ya Stephen James O'Meara, Mei 1990: saa 15 na dakika 32. Kwa hiyo Los Angeles inaanza kuwezekana, kwa mwenye macho makali na anga safi. Umri peke yake hautoshi. Kimo cha mwezi juu ya upeo nacho kina neno lake. Katika miaka ya 1930 André Danjon, mwanafalaki wa Ufaransa, alikadiria kwamba chini ya digrii 7 kutoka kwenye jua hilali haionekani, ingawa wengine baadaye wameusogeza mpaka huo. Kamera ni habari nyingine: tarehe 8 Julai 2013 Thierry Legault aliipiga picha hilali ya Ramadhani ya 1434 mchana kweupe, katika dakika ile ile ya kuzaliwa, umri sifuri.

Kinachofurahisha ni kwamba mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, walilijua hili zamani. Taqi al-Din al-Subki, mwanachuoni wa madhehebu ya Kishafii aliyefariki 1355, alisema mwezi ukionekana nchi ya mashariki unalazimika kuonekana nchi ya magharibi, wala si kinyume chake. Kanuni hiyo inashika vizuri nchi zikiwa karibu latitudo moja. Zikiachana kaskazini na kusini huyumba. Katika vitabu vya Kishafii imeambatana na mfano wa mirathi: ndugu wawili wanaorithiana wamefariki siku moja, kila mmoja adhuhuri ya nchi yake, mmoja mashariki na mwingine magharibi. Wa magharibi anamrithi wa mashariki, maana adhuhuri yake ilichelewa na alikuwa hai mwenzake alipokata roho.

Hivyo falaki inaeleza kwa nini jioni ya kwanza ya mwezi huigawa dunia. Haisemi kama wasiouona wawafuate waliouona. Katika Sahih Muslim, mkusanyiko wa hadithi, mtu aitwaye Kurayb anarudi Madina kutoka Sham (eneo la Syria) na kusema huko waliuona mwezi wa Ramadhani usiku wa Ijumaa. Ibn Abbas, swahaba na binamu wa Mtume, anajibu kwamba wao waliuona usiku wa Jumamosi na hawataacha kufunga mpaka wauone au watimize thelathini, kwa kuwa ndivyo Mtume alivyowaamuru. Mashafii wakachukua humo kwamba kila matlai, yaani eneo la kuandama kwa mwezi, ina mwezi wake. Wengi wa madhehebu mengine matatu, Hanafi, Maliki na Hanbali, wakasema ukionekana popote unawalazimu wote. Ibn Abbas hakueleza ni amri ipi hasa, na mjadala umesimama hapo karne nyingi.

Anayetaka mwezi mmoja wa dunia nzima anakutana na saa. Jua linapozama California, New Zealand ni alasiri ya kesho yake. Wakisubiri habari kutoka huko, siku ya kwanza ya kufunga itakuwa imeshaliwa mchana. Mkutano wa Istanbul wa 2016 kuhusu kalenda ya Kiislamu ulipopigia kura kalenda moja kwa hesabu, yenye masharti ya digrii 8 kutoka kwenye jua na kimo cha digrii 5 popote duniani, ilibidi kiongezwe kifungu kinachotaja alfajiri ya New Zealand.