Sifa za bure haziondoi mikwaruzo: dhana potofu kuhusu ushauri wa kung'arisha magari

Dhana: Adabu ni kumsifu kila anayeonyesha kazi yake ya kung'arisha gari.

Ukweli: Sifa inayoficha kasoro huligharimu gari. Klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, kwa magari mengi yenye rangi ya kiwandani lina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi. Kila unapopiga kompaundi, ile dawa nzito ya kusugulia rangi, unaipunguza, na haikui tena. Aliyeacha alama za mashine, ile mistari ya ukungu inayojitokeza juani, akiambiwa "safi sana" ataenda na padi ileile ya sufi, yaani kisugulio cha mashine, kwenye gari linalofuata.

Sema kilicho kizuri, kisha taja kasoro ilipo na dawa yake: "Mlango wa dereva una alama za mashine. Rudia kwa padi laini ya sponji na polishi nyepesi, kisha pangusa kwa alkoholi ya isopropili iliyozimuliwa kwa maji, ndipo umulike taa." Kupangusa huko kusirukwe. Mafuta ya polishi hujaza mikwaruzo, bodi likaonekana safi, halafu baada ya kuoshwa mara chache kila kitu kinarudi. Picha ya kivulini haitoshi kutolea hukumu; omba nyingine iliyopigwa taa ikiwa imemulika bodi.

Dhana: Kilichofaa gari langu kitafaa na lako.

Ukweli: Klia nyingine ni ngumu, nyingine laini. Kabla ya kupendekeza chochote, uliza: rangi ni ya kiwandani au ilipulizwa upya? Umetumia padi na polishi gani? Una vipimo vya unene wa rangi? Navyo visomwe kwa uangalifu, maana kipimo cha kawaida husoma jumla ya matabaka yote, si klia peke yake, na hakisomi bampa la plastiki. Namba kubwa huenda ikawa ni puti, kile kijazio cha mabonde ya bodi, iliyofunikwa rangi.

Ushauri salama ni mmoja: ajaribu eneo la sentimita 50 kwa 50, aanze na padi laini na polishi nyepesi, apande ngazi pale tu mikwaruzo inapogoma.

Dhana: Mkwaruzo unaonasa ukucha unahitaji kompaundi kali zaidi.

Ukweli: Mara nyingi umeshazama mno. Hapa uungwana ni kumwambia mwenzako auache, au aufifishe kingo tu. Kwenye mikunjo ya bodi klia huwa nyembamba zaidi; abandike tepu hapo kabla ya kupiga mashine.

Dhana: Seramiki, ile dawa ya kinga inayopakwa juu ya klia, huzuia mikwaruzo.

Ukweli: Kazi yake kubwa ni kusaidia maji na uchafu kuteleza. Anayeiuza aseme kwamba anaiuza kabla ya kuisifia.

Dhana: Aliyeosha gari kwa sabuni ya vyombo anastahili kukaripiwa.

Ukweli: Muosho mmoja hauli klia. Huweza kuondoa nta, na sabuni hiyo hailainishi mpanguso kama shampuu ya gari. Akikaripiwa hatauliza tena, na jambo kubwa zaidi litampita: mikwaruzo mingi ya mviringo hutokana na kuosha na kukausha vibaya. Mpe hatua. Aondoe mchanga kwa maji kwanza, kisha atumie ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia glavu ya kuoshea. Aoshe kutoka juu kwenda chini, kivulini, bodi likiwa limepoa. Rimu ziwe na ndoo na brashi yake. Taulo ya maikrofaiba ikianguka chini, asiirudishe kwenye rangi kabla ya kuifua.