Kilichoanguka Kutoka Anga za Juu Kina Mwenyewe

Tangu pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ianguke kijijini Mukuku, Kaunti ya Makueni, tarehe 30 Desemba 2024, maswali hayajakoma: ni kitu gani, ni cha nani, kinaweza kuuzwa kama chuma chakavu, na fidia je? Mengi yana msingi. Mengine, kusema kweli, yanachosha: haikuwa bomu, wala si setilaiti yetu ya Taifa-1. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilikwisha kueleza kwamba, kwa uchunguzi wa awali, ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi.

Watu husahau kuwa roketi nayo hufika juu pamoja na setilaiti. Muungano wa Sovieti uliporusha Sputnik 1 tarehe 4 Oktoba 1957, setilaiti yenyewe ilikuwa tufe la sentimita 58 na kilo 83.6. Ile nuru ambayo watu walitoka nje usiku kuitazama, aghalabu ilikuwa ya sehemu kubwa ya roketi iliyokuwa ikizunguka pamoja nayo. Hiyo ndiyo iliyotangulia kurudi na kuungua, mapema Desemba. Sputnik ilikuwa imenyamaza baada ya wiki tatu, betri zilipokwisha. Ikaungua 4 Januari 1958. Vanguard 1 ya Marekani, iliyorushwa Machi 1958, ingali inazunguka hadi leo kwa sababu iliwekwa juu zaidi, ambako hewa ni haba mno kuipunguza kasi.

Si kila kitu huungua kikaisha. Septemba 1962, kipande cha Sputnik 4 chenye kilo 9 hivi kilikutwa kimezama kwenye lami katika mji wa Manitowoc, Wisconsin. Polisi walidhani ni takataka. Marekani ikakirudisha kwa Wasovieti, Vita Baridi vikiwa vimepamba moto, na hakukuwa na mkataba wowote ulioilazimisha.

Sasa upo. Chini ya Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, chombo hubaki mali ya mwenyewe hata kikianguka shambani kwako. Mkataba wa Uokoaji wa 1968 unaitaka nchi kilipoangukia imjulishe mrushaji pamoja na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Mrushaji akikidai hurudishiwa, na gharama ni zake. Kwa hiyo usikiguse (mabaki ya fueli kama haidrazini ni sumu), usikikate, usikisogeze. Toa taarifa kwa chifu au kituo cha polisi, uandikiwe namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Wanaouliza bei ya kilo ili wakiuze kama chuma chakavu wafahamu kuwa hiyo ni mali ya mtu, na kwamba Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamtaka mnunuzi awe na leseni.

Kuhusu fidia, Mkataba wa Dhima wa 1972 uko wazi: kwa madhara ya ardhini, nchi iliyorusha hulipa bila mdai kulazimika kuthibitisha uzembe. Lakini anayedai kwa njia hii ni serikali, kupitia balozi, si wewe na wakili wako. Muda ni mwaka mmoja tangu madhara yatokee au tangu nchi husika itambulike. Mwaka mwingine ukipita bila maafikiano, upande wowote unaweza kuomba tume ya watu 3 ya kuamua dai. Na "nchi iliyorusha" inaweza kuwa zaidi ya moja: Taifa-1 ni ya Kenya, ila ilipaa kutoka Marekani mwaka 2023, hivyo dhima ni ya wote wawili.

Msitarajie mamilioni kesho. Kosmos 954, setilaiti ya Kisovieti iliyobeba kinu cha nyuklia, ilisambaratika juu ya Kanada Januari 1978. Kanada ilidai zaidi ya dola milioni 6 za Kanada. Mwaka 1981 ikakubaliana na Wasovieti kulipwa milioni 3. Mabaki ya Skylab, kituo cha anga za juu cha Marekani, yalipoanguka Australia mwaka 1979, halmashauri ya Esperance huko iliitoza NASA, shirika la anga za juu la Marekani, faini ya dola 400 kwa kutupa taka ovyo. NASA haikulipa, miaka 30 baadaye mtangazaji wa redio wa Marekani alichangisha wasikilizaji wake wakailipa.